Memento Mori au Nonetheless: uanze na santuri ipi?

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne usiku. "Shikamoo dada. Huku Leipzig leo mji mzima umevaa nyeusi, mpaka kwenye tramu. Nilidhani kuna msiba wa mtu mkubwa." Mdogo wangu alikuwa na miezi minane tu Ujerumani, hakujua kwamba tangu 1992 mji ule, kila Pentekoste, hupokea wapenzi wa muziki wa giza kwa tamasha liitwalo Wave-Gotik-Treffen. Nikamjibu kwamba hakuna aliyefariki, asogee asikilize. Akasogea, na giza lenyewe likamkolea. Wiki mbili baadaye akaja na swali jingine. Mwenye nyumba wake amemwazima mashine ya kuchezea santuri, yeye ana hela ya albamu moja tu, na orodha yake imebaki na majina mawili: Memento Mori ya Depeche Mode na Nonetheless ya Pet Shop Boys. Achukue ipi?

Nimemjibu kwa sauti za WhatsApp mpaka bando likaisha, kwa hiyo nimeona niyaandike kwa utulivu. Naamini hayuko peke yake, kwa sababu albamu hizi mbili zinachanganya hata watu waliokuwa na kaseti za bendi hizi tangu miaka ya themanini.

Zinachanganya kwa sababu zinafanana mno kwa nje. Zote ni za Waingereza waliozeeka na sintisaiza, vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti, mikononi. Memento Mori ilitoka tarehe 24 Machi 2023, Nonetheless tarehe 26 Aprili 2024. Kila moja ni albamu ya 15 ya studio kwa wenyewe. Bendi zote mbili sasa ni watu wawili: Dave Gahan na Martin Gore kwa Depeche Mode, Neil Tennant na Chris Lowe kwa Pet Shop Boys. Na jambo linalonishangaza kuliko yote, prodyuza ni yuleyule, James Ford. Kwa hiyo ukizisikiliza zikifuatana unapata nafasi ambayo ni adimu katika muziki: mkono mmoja umepika vyungu viwili, na unaweza kuonja tofauti inatoka wapi.

Kwangu tofauti haiko kwenye vyombo. Iko kwenye namna ya kubeba huzuni. Nimezaliwa Tanga na nimekulia kwenye taarabu, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya nyumbani: Depeche Mode wamefanya maombolezo, Pet Shop Boys wamefanya mafumbo. Ukijua moyo wako sasa hivi unahitaji lipi kati ya hayo mawili, umeshajua cha kununua.

Maombolezo

Memento Mori ni Kilatini, maana yake kumbuka kwamba utakufa. Gore alizianza nyimbo hizi wakati wa janga la korona, na nyingi zilikwishaandikwa pale Andy Fletcher alipofariki ghafla tarehe 26 Mei 2022, akiwa na miaka 60. Fletcher alikuwamo tangu bendi ianze mwaka 1980 huko Basildon, mji mdogo wa Essex. Hakuwa mtunzi, hakuwa mwimbaji. Alikuwa yule ndugu wa kati kwenye familia, anayewafanya kaka na mdogo waendelee kula sahani moja. Alipoondoka, nyimbo zilizoandikwa kuhusu kifo kwa ujumla zikawa ghafla zina jina la mtu. Wakaingia studio wawili, pamoja na Ford na mhandisi wa sauti Marta Salogni.

Nasema haya kwa sababu utayasikia. Wimbo wa kwanza, My Cosmos Is Mine, haukukaribishi. Mdundo unakokota miguu, besi imekwaruzwa mpaka inatoa vumbi, na Gahan anaimba kama mtu aliyefunga mlango na kuzungumza kupitia tundu la ufunguo. Mara yangu ya kwanza niliuruka. Mara ya tatu nikaelewa kwamba wimbo huo ni kizingiti, unapunguza mwendo wako kabla hujaingia ndani. Ukiingia unakutana na Wagging Tongue, ambao Gahan na Gore wameuandika pamoja. Kwa bendi hii hilo ni jambo la nadra. Kwa miongo Gore ndiye aliyebeba kalamu, na Gahan alianza kuchangia nyimbo zake mwaka 2005. Humo sintisaiza inadondosha noti moja moja kama matone ya mvua kwenye bati, na mwili unalegea.

Halafu Ghosts Again. Kama utausikiliza wimbo mmoja tu kati ya yote niliyotaja katika makala hii, uwe huu. Una kasi, una gitaa linalong'aa, kiitikio chake unaweza kukiimba barabarani, na bado unahusu kuondoka duniani. Gore aliuandika na Richard Butler wa bendi ya Psychedelic Furs, ambaye ameshirikiana naye katika nyimbo nne za albamu hii. Video yake ameipiga Anton Corbijn, mpiga picha aliyefanya nao kazi tangu 1986: wazee wawili juu ya paa wanacheza sataranji, rangi nyeusi na nyeupe tu. Nimeutumia wimbo huu kumuaga mtu wangu wa karibu aliyefariki. Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya makaburi, sikuweza kushuka, nikauweka mara mbili. Ndipo nikashuka.

Katikati ya albamu kuna Soul with Me, anaoimba Gore mwenyewe kwa ile sauti yake ya mtetemo, anaaga bila hofu. Mwishoni kuna Speak to Me, unaoanza kama mtu anayeomba akiwa amelala sakafuni na kuishia kwenye kelele inayovimba, inavimba, kisha kimya. Baada ya kimya kile siwezi kuweka kitu kingine mara moja.

Si kila kitu kimefaulu. Caroline's Monkey naona umebeba taswira moja mpaka umechoka nayo, na Always You hupita bila kuniachia kitu. Nyimbo ni 12, dakika kama 50, na kwangu zingekuwa 10 albamu ingekaza zaidi. Lakini kuanzia lile lango la mwanzo mpaka kimya cha mwisho, kuna uzi mmoja haujakatika.

Mafumbo

Nonetheless ni neno la Kiingereza ambalo sisi tungesema "hata hivyo". Jina hilo limebeba albamu yote. Mtu ni mpweke, hata hivyo anacheza. Dunia imechafuka, hata hivyo kuna wimbo.

Tennant alikuwa na miaka 69 ilipotoka, na sauti yake haijazeeka kwa namna ninayoweza kuieleza. Bado ni ileile nyembamba, ya mtu anayekusimulia jambo zito huku akitazama dirishani. Kabla ya muziki alikuwa mhariri katika jarida la vijana liitwalo Smash Hits, na ule uandishi haujawahi kumtoka. Kila wimbo hapa una mhusika, una mahali, una tukio. New London boy ni kijana wa kaskazini mwa Uingereza anayeingia London miaka ya sabini akitafuta watu wa aina yake. Dancing star ni Rudolf Nureyev, mcheza densi wa Kisovieti aliyewakimbia walinzi wake kwenye uwanja wa ndege wa Paris mwaka 1961. Why am I dancing? ni mtu anayecheza peke yake nyumbani wakati wa karantini, na tarumbeta zinamshangilia kana kwamba ukumbi umejaa.

Ninaposema mafumbo, wimbo ninaoufikiria zaidi ni Bullet for Narcissus. Anayeimba ni mlinzi. Kazi yake ni kuweka kifua mbele ya risasi kwa ajili ya kiongozi anayejipenda kupita kiasi, na yeye mwenyewe hampendi. Msikilizaji anajua anayesemwa ni Donald Trump, na hatajwi. Mama zetu Tanga wangeinuka kwenda kutunza kwa wimbo kama huo. Hivyo ndivyo taarabu inavyopiga: jina halitajwi, aliyelengwa anajijua, na ukumbi mzima unatazama upande mmoja.

Tofauti na mwenzake, albamu hii inakukaribisha kuanzia sekunde ya kwanza. Loneliness unafungua kwa mdundo wa kuchezeka na nyuzi za okestra, kisha unamwambia mpweke atoke nje aseme na mtu. A new bohemia umenikaa zaidi ya wote. Ni wa taratibu, ni wa mtu anayekumbuka marafiki waliokuwa wazuri na vijana na maskini, na anauliza sasa wako wapi. Hapo fumbo linavuliwa, na kwa dakika nne Pet Shop Boys wanakaa upande uleule wa msiba wanaokaa Depeche Mode. Nikiusikia huo naona aibu kwamba nimewagawa kirahisi namna ile.

Nyimbo ni 10. Unaonichosha ni The schlager hit parade, kuhusu ule muziki mtamu wa Kijerumani unaopigwa kwenye sherehe za familia. Mdogo wangu aliniambia yeye ameupenda kuliko yote, kwa sababu muziki huo anausikia kila asubuhi kwenye duka la mikate chini ya nyumba yake. Basi, hapo amenizidi.

Mkono wa James Ford

Kwa Pet Shop Boys, kumchukua Ford kulikuwa kuhama. Albamu zao tatu zilizotangulia, kuanzia Electric ya 2013, zilitengenezwa na Stuart Price, na zilikuwa za klabu zaidi: ngoma mbele, kila kitu kimekatwa kwa wembe. Kwa Depeche Mode kulikuwa kuendelea, maana Ford aliwatengenezea pia Spirit ya 2017.

Sikiliza alichofanya na nafasi tupu. Kwenye Memento Mori amewaachia waimbaji chumba kikubwa kisicho na samani. Sauti ya Gahan iko karibu sana na sikio, na nyuma yake unasikia umbali. Sintisaiza za Gore zinakwaruza, zinakohoa, haziko safi, na Ford hakuzisafisha. Kwenye Nonetheless amejaza chumba hichohicho: nyuzi, tarumbeta, waitikiaji, mapazia ya velveti. Ukiondoa mapambo hayo, mifupa ya nyimbo ni ileile ya watu wawili na kinanda cha umeme, kama ilivyokuwa mwaka 1985.

Hili lina maana kwa mfuko wako. Memento Mori inadai vifaa. Kwenye spika ya simu besi yake inapotea kabisa na albamu inabaki mifupa. Nilimsikia mtu akiisema vibaya, nikamuuliza aliisikilizia wapi, akasema kwenye daladala kwa sikio moja. Hedifoni nzuri au spika zenye kifua ndizo haki yake. Nonetheless inavumilia. Inasikika vizuri jikoni, garini, hata kwenye kiredio kidogo, kwa sababu uzito wake uko kwenye maneno na sauti za juu.

Kwa santuri, Memento Mori imekaa kwenye sahani mbili, na Nonetheless kwenye moja. Bei huenda sambamba na hilo, na kuinuka kugeuza pia. Wapo wanaochukia kuinuka. Mimi naona kwa albamu ya maombolezo mapumziko yale yanasaidia, unapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuhusu maneno: kama Kiingereza chako bado kinapanda ngazi, usiogope ya kwanza. Gore huandika kwa maneno machache na makubwa, nafsi, usingizi, bahari, upendo, na hata usipoyapata yote sauti inakufikishia. Pet Shop Boys bila maneno ni nusu ya albamu. Utacheza, utafurahi, na hutajua kwamba mlinzi ameshakuambia siri yake.

Kama hizo mbili hazikukati kiu

Kuna nyingine ambazo watu huniuliza kwa pumzi hiyohiyo. Bauhaus Staircase ya bendi ya OMD ilitoka Oktoba 2023, nayo ni ya wazee wa rika lilelile, Andy McCluskey na Paul Humphreys, walioanza mwaka 1978 karibu na Liverpool. Ndiyo yenye hasira ya wazi kuliko zote. Kleptocracy unawataja wezi wa mali za umma kwa kiitikio kitamu kama peremende, na kwa masikio ya Afrika Mashariki hauhitaji tafsiri. Lakini ubora unapanda na kushuka, na siwezi kuiweka juu ya hizo mbili.

Ukitaka giza zito zaidi, nenda Belarus. Molchat Doma, jina lenye maana ya nyumba zimenyamaza, ni vijana watatu wa Minsk wanaoimba Kirusi. Mwaka 2020 wimbo wao Sudno ulienea TikTok, na wengi waliocheza video zile hawakujua kwamba maneno yake ni shairi la Boris Ryzhy, mshairi wa Kirusi aliyefariki mwaka 2001 akiwa na miaka 26. Belaya Polosa, ya Septemba 2024, ni albamu yao ya kwanza tangu wahamie Los Angeles. Jina maana yake ni mstari mweupe. Warusi husema maisha huja kwa mistari, mweusi kisha mweupe. Albamu zao za mwanzo zilisikika kama zimerekodiwa ndani ya ngazi za ghorofa la zege, na ukungu ule ulikuwa nusu ya uchawi wake. Hii ni safi, pana, sintisaiza zimepewa anga, na utawasikia Depeche Mode wa miaka ya tisini wakipita nyuma ya pazia. Baadhi ya mashabiki wameulilia ukungu. Mimi nauona usafi huu umemfaidi mwimbaji wao, Egor Shkutko, maana sauti yake nzito sasa inasikika mpaka mwisho wa kila neno. Sijui Kirusi, na huwa naiweka usiku ninapoandika, nikiwa sitaki neno lolote liniingilie.

Na kwa wanaofikiri giza la namna hii ni la Ulaya peke yake, yupo Lord Spikeheart wa Kenya. Alikuwa sauti ya kundi la Duma, watu wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 alitoa The Adept kwa lebo yake mwenyewe, na kazi hiyo inamkumbuka bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa jemadari wa Mau Mau na kufariki Septemba 2023. Si pop ya sintisaiza hata kidogo. Ni mayowe, ni chuma, ni mashine zilizochanganyikiwa, na ukiwa na watoto wamelala usithubutu. Ila huzuni iliyomo ina mwenyewe, ina msitu na ina historia tunayoijua, na ndiyo maana naipa nafasi hapa.

Basi, ipi?

Kama hujawahi kusikiliza muziki huu na unataka mlango ulio wazi, Nonetheless. Kama unaandaa chakula Jumamosi, una wageni, au umetoka kwenye mapenzi yaliyokwisha vibaya na unataka kucheka kidogo na yaliyokupata, hiyohiyo. Kama umefiwa miaka ya karibuni na bado kuna siku unashika simu umpigie marehemu, chukua Memento Mori, na usiisikilize kwa haraka. Kwa mtu anayependa nyimbo moja moja za kuweka kwenye orodha yake, Pet Shop Boys wanashinda. Kwa anayependa kukaa na albamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Depeche Mode wanashinda, na kwa umbali mzuri.

Mimi ni wa kundi la pili, kwa hiyo nimemwambia mdogo wangu hela ya santuri aiweke kwenye Memento Mori. Nina sababu moja zaidi, ya mahali alipo. Tarehe 26 Mei 2023, siku iliyotimia mwaka mmoja tangu Fletcher afariki, Depeche Mode walipiga Leipzig, na katika ziara hiyo uso wa Fletcher ulikuwa ukiwekwa kwenye skrini kubwa wakati wa wimbo wao World in My Eyes. Mji anaoishi una watu waliosimama pale usiku ule. Akiingia na santuri hiyo mkononi kwenye duka lolote la muziki mtaani kwake, mtu atamfungulia mazungumzo, na kwa kijana mgeni mwenye Kijerumani cha miezi minane hilo ni jambo kubwa.

Nonetheless ataisikiliza kwenye simu, haitapungukiwa. Na ile ya OMD nimemwomba aiweke masikioni Jumapili moja apande treni mpaka Dessau, si mbali. Jina la albamu limetoka kwenye mchoro wa Oskar Schlemmer wa 1932, alioufanya shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus ya mji huo ilipokuwa inafungwa, na ngazi zilizochorwa ni za jengo lililopo mpaka leo. Nimemwambia azipande, kisha anitumie picha.